“Clove” na “love” hazina kina kimoja: jibu kwa mtunzi wa Wete

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtunzi wa mashairi ya Kiswahili hapa Wete, na sasa najaribu kutunga kwa Kiingereza. Niliandika hivi: “Under the tree I picked the clove / and sang to you my song of love.” Mhariri wa jarida moja amenirudishia, anasema vina si sahihi. Kwengine nimeweka “ocean” na “nation”, nayo ameikataa. Mimi naona maneno hayo yanaishia sawasawa. Nitajuaje vina kamili vya neno la Kiingereza, na vile vya karibu? Na nifanyeje bando likiisha, maana siwezi kuwa mtandaoni kila saa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma mistari yako kwa sauti mara tatu kabla ya kushika kalamu. Mhariri amesema kweli. Ila hakukwambia sababu, na bila ya sababu utarudishiwa karatasi mpaka uchoke. Wewe vina unavijua, tena vizuri. Tatizo ni kwamba umeipima bidhaa ya watu kwa pishi yetu.

Umekulia Pemba, kisiwa cha malenga Kamange na Sarahani. Sikio lako limefundishwa kwamba kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. Shamba, nyumba, kamba, Pemba: zote zinaishia na -mba, basi zina kina kimoja, na hakuna malenga atakayekubishia. Mkazo wa maneno hayo hauko kwenye -mba. Uko nyuma yake, kwenye sha, nyu, ka na Pe, na huko nyuma kila neno lina irabu yake. Kina chetu hakijali. Kinatazama mkia tu.

Kiingereza kinaanza kuhesabu kwengine. Tafuta irabu ya mwisho yenye mkazo katika neno. Kuanzia irabu hiyo mpaka neno linapokwisha, kila sauti lazima ilingane. Na konsonanti iliyo kabla ya irabu hiyo inatakiwa itofautiane. Hayo ndiyo masharti mawili, na ukiyashika vizuri sehemu kubwa ya swali lako imekwisha.

Chukua maneno manne: “ember”, “amber”, “number”, “timber”. Yatamke kama tulivyofundishwa skuli, bila ya kuiviringisha r ya mwisho. Emba, amba, namba, timba. Kwa sikio la Pemba huu ni ubeti mzima wa vina vya -mba, safi kabisa. Kwa sikio la Mwingereza hakuna hata mawili yenye kina kimoja, kwa sababu mkazo uko silabi ya kwanza na irabu zake zinatofautiana. “Ember” inakwenda na “member” na “December”. “Number” inakwenda na “slumber” na “lumber”. “Timber” inakwenda na “limber”. Kila moja ina ukoo wake.

Sasa geuza. “Day”, “say”, “play”, “away”. Kwetu sisi hapo hakuna kina, maana silabi za mwisho ni de, se, ple na we, sawa na mtu aoanishe pa na ka na ta. Ungeipeleka kwenye shairi la tarbia, lile la mistari minne kila ubeti, ungeambiwa umetunga guni, yaani shairi lililovunja kanuni za vina na mizani. Kwa Kiingereza ndiyo kina kamili kinachotumika kila siku. Kile tunachokiona ni upungufu, yaani konsonanti kutofautiana, wao wanakidai. Na kile tunachokiona ni utimilifu, silabi nzima kujirudia na konsonanti yake, wao wanakiona kama neno limejirudia lenyewe. Ndiyo maana “leave” na “believe”, zenye l ileile mbele ya irabu ileile, ni kina dhaifu kwao, na “sea” na “see” kwao si kina bali ni sauti moja iliyosemwa mara mbili. Kwetu neno moja lenye maana mbili mwisho wa mistari miwili ni ufundi. Kwao ni kama fundi kakosa mbao ya pili.

Kama unataka kuliona hili likitendeka, angalia maneno ya Kiingereza tuliyoyachukua tukayavisha irabu. “Coat” imekuwa koti, “boat” imekuwa boti, “shirt” imekuwa shati. Koti, boti, shati: kwa Kiswahili yote matatu ni kina cha -ti. Yarudishe kwao, na mawili tu ndiyo yanabaki pamoja, “coat” na “boat”. “Shirt” inakwenda kukaa na “hurt” na “dirt”. Tena tiketi, paketi, soketi. Kwetu yanafanana mpaka silabi mbili za mwisho. Kwao “ticket” ni ya “cricket”, “packet” ni ya “jacket”, “socket” ni ya “rocket” na “pocket”, na koo hizo hazioleani. Nimewafundisha vijana jambo hili kwa maneno ya dukani na bandarini, na wanalishika haraka kuliko kwa kanuni yoyote ya kitabuni.

Nami nilipata jeraha langu. Nilipokuwa skuli hapa Unguja niliandika shairi la Kiingereza lenye “city” mwisho wa mstari mmoja na “beauty” mwisho wa mwengine. Mwalimu alizizungushia wino mwekundu, hakusema neno. Mimi nilisikia ti na ti, nikaona nimeonewa, na kwa muda mrefu sikuandika tena kwa lugha ile. Lau angenionyesha kwamba “city” inasikilizwa tangu ile i ya mwanzo, na kwamba wenzake ni “pity” na “pretty”, ningeelewa siku ileile. Kwa hiyo naliandika jibu hili kwa urefu, na usinikatishe njiani.

“Ocean” na “nation” zako ni ugonjwa huohuo. Mkia ni mmoja, lakini mkazo wa “ocean” uko kwenye ou ya mwanzo na wa “nation” uko kwenye ei. “Ocean” inataka “motion”, “notion”, “lotion”, “potion”, “devotion”, “emotion”. “Nation” inataka “station”, “generation”, “celebration”, na moja ambayo mtu wa Pemba asiiache ipite: “plantation”.

Sasa tuje kwenye karafuu yenyewe, maana hapo kosa ni la aina nyengine. “Clove” na “love” umezioanisha kwa jicho. Umeona l-o-v-e ndani ya c-l-o-v-e, ukaamini. Lakini tahajia ya Kiingereza ni shahidi asiyeaminika. Ya kwanza inatamkwa klouv, ya pili lav. Ongeza “move”, inayotamkwa muuv, na una maneno matatu yenye -ove na irabu tatu tofauti.

Kwa nini “love” iandikwe kwa o na isomwe kama a fupi? Zamani neno hilo liliandikwa kwa u, “lufu”. Wanakili wa zama za kati waliandika u, v, n na m kwa vijiti vya wima vinavyofanana, na vijiti vingi vikifuatana msomaji alishindwa kujua herufi moja inaishia wapi na nyengine inaanzia wapi. Wakaanza kuandika o mahali pa u, khasa karibu na v, m na n, ili jicho lipate pa kushika. “Love”, “come”, “son” na “above” zote zimebeba o ya namna hiyo. Kisha William Caxton akaleta mtambo wa kupigia chapa Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda, huku irabu ndefu za lugha zikiwa bado zinahama. “Clove” kwa upande wake imetoka kwa neno la Kifaransa lenye maana ya msumari. Ishike karafuu moja kavu, kichwa juu na kikonyo chini, utaona kwa nini. Maneno hayo mawili yamekuja kwa njia mbili mbali kabisa, yakakutana kwenye karatasi tu.

Kuna atakayekwambia kwamba hata Shakespeare, katika soneti zake, yaani mashairi ya mistari 14, zilizochapwa mwaka 1609, alioanisha “proved” na “loved”. Ni kweli alifanya. Lakini matamshi ya wakati ule hayakuwa ya leo, na irabu hizo huenda zilikaribiana. Usijifunike shuka lake.

Sasa ufundi wenyewe, ule wa bila bando. Andika juu ya ukurasa sauti unayoitafuta, kwa herufi za Kiswahili, usiiandike kwa tahajia yao. Kwa karafuu ni -ouv. Kisha pitisha mbele yake konsonanti moja moja kwa mpangilio wa alfabeti, halafu konsonanti mbili mbili na tatu tatu zinazokubalika Kiingereza: bl, br, dr, fl, gr, kl, kr, st, str, thr, tr. Zitamke kwa sauti, polepole, kama mtu anayechambua makonyo kwenye jamvi. Bouv, si neno. Drouv, ni “drove”. Grouv, “grove”. Jouv, jina la mungu wa Warumi, liache. Kouv, “cove”. Mouv, ipo, “mauve”, rangi ya zambarau iliyopauka, na tazama ilivyoandikwa: kama ungetafuta kwa jicho usingeipata. Rouv, “rove”. Stouv, “stove”. Strouv, “strove”. Trouv, “trove”. Wouv, “wove”. Kazi ya robo saa na kalamu ya risasi.

Halafu weka maana mbele ya kila neno. “Grove” ni kichaka cha miti iliyopandwa au kuota pamoja, kama mikarafuu yenu ya mabondeni. “Cove” ni kihori kidogo cha pwani. “Wove” ni kusuka, wakati uliopita. “Stove” ni jiko. “Drove” ni kuendesha, nayo ni wakati uliopita. “Strove” ni kujitahidi, kupigana na kazi. “Trove” ni hazina. Mwanangu, hiyo ndiyo Pemba nzima: shamba, pwani, mkeka, jiko, gari la mizigo, jasho na mali. Maneno hayo yalikuwa yanakusubiri, na wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye penzi kwa sababu lilifanana kwa herufi.

Na penzi lenyewe ni neno masikini wa vina kwa Kiingereza. “Love” ina “above”, “glove”, “shove” na “dove” yule njiwa, na hapo wasemaji wengi wa Uingereza wanakwisha. Ndiyo sababu nyimbo zao za mapenzi zimejaa njiwa na mambo ya juu mbinguni. Kwetu -nzi na -ndo na -ba havimalizi. Mtunzi wa Kiswahili hajui dhiki hiyo, maana maneno yetu yote yanaishia kwa irabu chache na vina vinamiminika. Mtunzi wa Kiingereza ni lazima azunguke, na kwa dhiki hiyo ndiko kulikozaliwa kina cha karibu.

Kina cha karibu ni pale sehemu moja ya sharti inapotimia na nyengine inapotofautiana kidogo. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, irabu yenye mkazo inabaki ileile na konsonanti za mwisho zinabadilika. Ya pili, konsonanti za mwisho zinabaki na irabu inabadilika. Kwa njia hii ya pili “clove” inakaribiana na “leave”, “give”, “save”, “wave”, “alive”, “move”, na, naam, “love”. Kwa hiyo hukukosea kwa kuyaweka maneno hayo pamoja. Ulikosea kuyategemea kama kina kamili katika shairi ambalo mistari yake mengine yote inadai ukamilifu. Mhariri alisikia nyayo mbili zinakwenda sawa kisha moja inajikwaa.

Njia ya kwanza ina madaraja, na hapa ndipo sikio linapofanya kazi. Weka vidole viwili kooni useme v, ukiivuta. Koo linatetemeka. Sasa sema f, midomo na meno palepale. Koo limenyamaza. V na f ni ndugu wa tumbo moja, tofauti yao ni huko kutetemeka tu. Vivyo hivyo b na p, d na t, g na k, z na s, dh na th. Kina cha karibu kilicho bora kabisa kinabadilisha ndugu kwa ndugu: “clove” na “loaf”, “love” na “enough”. Msikilizaji hatastuka. Daraja la pili ni majirani, sauti zinazotoka karibu na mahali pamoja au kwa namna moja: v kwa dh, kama “clove” na “loathe”, au v kwa b, kama “clove” na “robe” au “globe”, au v kwa z, kama “clove” na “rose”. Sisi watu wa visiwani tuna bahati, dhahabu na thelathini zimetufundisha dh na th tangu utotoni, basi “loathe” na “oath” hazitutoi jasho. Daraja la tatu ni wageni walioalikwa: “home”, “stone”, “road”. Irabu ni ileile na koo bado linatetemeka. Daraja la mwisho ni “hope”, “smoke”, “boat”, “coast”, ambapo irabu ndiyo imebeba mzigo wote. Kwenye wimbo linapita. Kwenye shairi la kusomwa kimya kwa macho, mimi naliona dogo.

Wako waliojenga ushairi wao juu ya ukaribu huo kwa makusudi. Wilfred Owen, aliyeuawa vitani mwaka 1918, alishika konsonanti za mbele na za nyuma akageuza irabu ya katikati, kama “hall” na “hell”. Sikio linangoja kina, linapewa kitu kilichopinda, na katika mashairi ya vita kupinda huko ndiko kunakouma. Alifanya hivyo mstari kwa mstari, kwa mpango. Hilo ndilo linalomtenganisha na guni. Ukitaka vina vya karibu, vitumie ubeti baada ya ubeti ili msomaji ajue ndio utaratibu wako. Kimoja peke yake katikati ya vina kamili kitasomeka kama kosa hata kama ulikikusudia. Vijana wa Zenji Flava wanaochanganya Kiingereza kwenye mistari yao wanaishi kwa irabu tu, hawangoji konsonanti, na kwa kazi yao ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mdundo unaziba pengo. Soneti haina mdundo wa kuziba pengo.

Hatari kubwa kwetu iko kwenye irabu, na naomba usome hapa taratibu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kama kinavyofundishwa, kina sauti za irabu takriban 20 ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyengine. Sauti 20 zikiingia kwenye vyumba vitano, ni lazima walale wengi chumba kimoja. Chumba chetu cha a ndicho kilichojaa kupita kiasi. “Hat”, “hut”, “heart”, “hurt”: kinywani mwa wengi wetu zote ni hat au haat. Mtunzi wa kwetu anaandika “my heart” na “I am hurt”, anasikia kina kamili, na Mwingereza anasikia irabu mbili. “Have”, “love” na “laugh” nazo zinalala chumba hicho, na zote tatu zina irabu mbalimbali. Chumba cha i kina “live” na “leave”. Cha u kina “full” na “fool”. “Good”, “food” na “blood” zina oo ileile kwa macho na irabu tatu kwa masikio.

Dawa yake ni daftari. Gawa ukurasa safu nne kwa ajili ya chumba cha a peke yake, na juu ya kila safu weka neno moja unalolijua vyema: “cat”, “cup”, “car”, “bird”. Kila neno jipya unalotaka kulitumia mwisho wa mstari, litafutie safu yake kwanza. “Love” inaingia chini ya “cup”. “Work” inaingia chini ya “bird”, na utashangaa, maana jicho linataka kuipeleka kwa “fork”. “Walk” haimo humo kabisa. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakuwa limekupa kamusi yako mwenyewe ya vina, na ukiwa huna umeme wala bando litafanya kazi kwa kibatari.

Siku bando lipo, tumia hivi. Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni ina vitufe viwili vya sauti kwa kila neno, cha Uingereza na cha Marekani. Bonyeza, sikiliza, weka neno kwenye safu yake. Tovuti za kutafutia vina, RhymeZone ikiwa moja ya zinazojulikana sana, zitakupa orodha ndefu ya vina kamili na vya karibu kwa mpigo. Ili usiziamini kama msahafu, elewa mashine inavyofanya. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani kimetoa kamusi ya matamshi yenye maneno zaidi ya 130,000, na yeyote anaweza kuitumia bure. Ndani yake “clove” imeandikwa K L OW1 V, na “love” imeandikwa L AH1 V. Ile 1 ni alama ya mkazo. Programu inashika irabu ya mwisho yenye mkazo, inakata kila kilicho mbele yake, kisha inatafuta maneno mengine yenye mkia uleule. OW1 V kwa OW1 V, inapata “drove” na “stove”. AH1 V haiingii. Ni kanuni ileile niliyokupa mwanzo, imefanywa na chombo kisicho na macho ya kudanganywa na tahajia.

Ila kamusi hiyo ni ya matamshi ya Marekani, na Wamarekani wanatamka r popote ilipoandikwa. Sisi tumefundishwa kwa njia ya Uingereza, r ya mwisho haisikiki. Kwetu “shore”, “door”, “saw” na “law” ni kina kimoja. Mashine ya Kimarekani itakataa. Amua mapema unamtungia msomaji wa wapi, kisha usibadilike katikati ya shairi.

Na katika tofauti hiyo ya r kuna zawadi imefichwa kwa ajili yenu. Tamka jina la kisiwa chenu kwa Kiingereza, kisha tamka “remember” kwa njia ya London. Pemba, rimemba. Mkazo uko kwenye em, unakwenda mpaka mwisho, na konsonanti ya mbele ni p kwa m. Kina kamili kwa sharti lao. Na silabi ya mwisho ni -mba kwa -mba, kina kamili kwa sharti letu. Ni nadra sana neno moja kukubaliwa na pishi zote mbili. Ongeza “ember”, kaa la moto linalokaribia kuzimika, na miezi “September”, “November”, “December”. Kwa Mmarekani itakuwa kina cha karibu tu, kwa ajili ya ile r, lakini cha karibu sana.

Sisi wa Unguja hatukupewa bahati hiyo. “Zanzibar” ina mkazo mkuu mwanzoni na mkazo mdogo mwishoni, kwa hiyo washairi hukubali kuioanisha na “far”, “star” na “guitar”, mstari ukiinyanyua sauti hapo mwisho. Epuka tu “bar” yenyewe, maana ni silabi ileile imejirudia. “Island” nayo ina mwenzake mmoja kamili wa kutumika, “highland”, na wa karibu mzuri sana, “silent”, d kwa t, ndugu wa tumbo moja.

Kuna maneno yasiyo na kina kamili kabisa katika matumizi ya kawaida. “Month” ni mojawapo. Ukitaka kuandika juu ya mwezi wa Ramadhani usijitese nalo mwisho wa mstari. Lisukume katikati, na mwishoni weka “moon”. Kwetu mwezi wa kuhesabu na mwezi wa angani ni neno moja, basi kwako kuhama kutoka huku kwenda kule ni jambo la asili, na “moon” imezungukwa na jamaa: “soon”, “noon”, “June”, “tune”, “lagoon”, na “monsoon” yetu ya kaskazi na kusi.

Turudi kwenye mistari yako miwili. Sikupi shairi, maana shairi ni lako, lakini nakuonyesha nilivyoligeuza kwenye karatasi yangu. Nilimtoa mpenzi mwisho wa mstari, nikamwacha popote kwengine anapotaka kukaa, nikamleta bibi na jamvi la kuanikia: “The mat my grandmother once wove / still holds the bitter breath of clove.” Hesabu kwa vidole, kila mstari una mizani 8, kipande kamili cha shairi letu. “Wove” na “clove” zinaanza tofauti, w kwa kl, na kutoka irabu hadi mwisho ni sauti moja. Mhariri hatakuwa na pa kutia wino.

“Ocean” na “nation” nakuachia wewe. Ukimbakisha bahari, mtafutie “devotion” au “motion”, na hiyo ya pili inafaa boti ya Mkoani asubuhi. Ukibakisha taifa, unayo “plantation”. Usijaribu kuviweka vyote viwili kwenye ubeti mmoja wa mistari miwili. Tunga mistari minne, kila neno lipate wake. Isome kwa sauti kabla hujainakili, kisha niletee.